Mahadhi ya Mwanahawa

Kila mwaka, wiki chache kabla ya Maulidi, chumba cha madrasa ya Bi Zainabu kilinuka ukindu. Mikeka mipya ililetwa kutoka Kipungani ikiwa imekunjwa na kufungwa kamba, na tulipoikunjua sakafuni ilitoa harufu ya majani yaliyoanikwa juani siku nyingi, harufu iliyoingia kwenye nywele zetu tukarudi nayo nyumbani. Madirisha yalikuwa membamba, yakitazama uchochoro wa Mkomani ambamo punda walipita na mizigo ya mawe na mchanga, na mwenye kusoma ilibidi apaze sauti ili azishinde kwato zao. Mimi sikuhitaji kujitahidi. Nilikuwa na sauti nyembamba iliyopanda bila kukwaruza, na tangu nina miaka minane ndimi niliyekuwa nikiongoza kasida za wasichana. Wenzangu waliitikia. Nilikaa mkeka wa mbele, katikati, na mahali pale nilipaona kuwa pangu kama jina langu lilivyokuwa langu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa ameolewa Mbwajumali, upande wa kisiwa cha Pate, na mwaka ule tezi lililokuwa likimvimba shingoni lilizidi hata akawa hawezi kumeza vizuri. Mumewe akampeleka Mombasa kupasuliwa. Binti yake wa pekee, Mwanahawa, hirimu yangu, akaletwa kwetu Amu, kisiwani Lamu, akae mpaka mamake apone. Alikuja na kikapu cha nguo na mfuko wa ufuta wa shamba lao. Mama alimpokea mlangoni, akamchukulia kikapu, akaniita nije, "Thureya, ndoo umpeleke ndani mwenzio. Utalala naye." Nikamwonyesha upande wa kitanda ulio ukutani, ule wenye joto, nikabaki na upande wa dirishani, wenye upepo. Ndivyo nilivyoanza kumkaribisha.

Siku za mwanzo nilimwonea huruma, na huruma ile ilinipendeza. Matamshi yake yalikuwa ya kwao, si ya kwetu, na wasichana wa madrasa walikuwa wakimrudishia maneno yake kwa kuigiza, wakicheka viganjani. Nilikuwa nikiwakemea kidogo, si sana. Kisha jioni moja, baada ya chakula, baba akamwomba asome chochote alichofundishwa kwao. Baba alikuwa muuza vitambaa, mtu wa maneno machache; mimi aliwahi kunisikiliza nikiongoza kasida miaka mitatu akaishia kusema, "Alhamdulillahi." Mwanahawa alikaa na magoti pamoja, akatazama chini, akaanza. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko yangu, ikitoka kifuani, na katikati palikuwa na kama ufa mdogo, mahali ambapo ilitaka kukatika isikatike. Baba aliweka kikombe cha kahawa chini. Hakukiinua tena mpaka alipomaliza, na alipokiinua kahawa ilikuwa imepoa, akainywa hivyo hivyo. "Soma tena," akamwambia. Nilitoka nikaenda kusugua sufuria ambayo ilikuwa imekwisha kusuguliwa.

Tangu siku ile nilianza kumhesabia. Mama akimpa kipande cha samaki cha tumboni, nilikiona. Akimsuka nywele kwanza kabla yangu, niliona. Usiku nilisikia pumzi zake upande wa ukutani nikaudhika kwamba hata kulala analala vizuri. Yeye hakujua lolote. Alinifuata kila nilipokwenda, akinishika kitambaa cha mkono wa gauni kama tunapita mahali penye watu wengi, na kila barua ilipoletwa kutoka Mombasa aliniletea mimi nimsomee, kwa sababu mwandiko wa babake ulimtatiza. Barua moja ilisema mamake amepasuliwa salama lakini sauti haijarudi, ananong'ona tu, na daktari hakuahidi kitu. Nilimsomea neno kwa neno. Alinishukuru, akaikunja, akaitia chini ya mto.

Bi Zainabu alikuwa mtunzi wa maneno. Kila Maulidi aliandika kasida mpya kwa mwandiko wake wa Kiarabu, lakini mahadhi hakujaliwa, kwa hiyo maneno mapya tuliyavisha mahadhi yale yale ya zamani ambayo kila nyumba ya Amu iliyajua. Mwaka ule alitunga juu ya Mtume alipokuwa mtoto, siku aliporudishwa na mlezi wake Bi Halima kwa mamake, Bi Amina. Alitusomea mara mbili, akavua miwani. "Maneno haya hayataki nguo kuukuu," akasema. "Nani ataniletea mahadhi? Atakayeleta, ndiye atakayeongoza." Wenzangu wote walinigeukia. Nilitabasamu kama mtu anayejua, nikaenda nyumbani nikahangaika siku nne. Kila nilichokitoa kilikuwa kitu nilichokwisha kukisikia.

Siku ya tano tulikuwa darini tukianika nguo. Mwanahawa aliweka beseni chini, akasogea karibu yangu. "Nimeyapata ya Bi Zainabu," akasema. "Nisikize, kisha uniambie kama ni mabaya." Akaimba polepole, amenipa mgongo kwa haya. Yalianza chini, yakapanda ghafla hatua mbili, yakasimama pale juu muda mrefu kabla ya kushuka, na pale juu ndipo palipokuwa na jina la Bi Amina. Nilisisimka mikono yote miwili. Sijawahi tangu siku ile kuchukia kitu kizuri kiasi kile. Nikamwambia, "Si mabaya. Lakini usimwimbie yeo, sauti imekukauka. Mwimbie kesho." Akakubali. Alinikubalia kila kitu.

Kesho yake niliamka mapema, nikasema nina kazi ya kufagia madrasa. Bi Zainabu alikuwa peke yake, anapanga misahafu. Nikamwimbia mahadhi yale tangu mwanzo hadi mwisho. Alinikumbatia, na yeye hakuwa mtu wa kukumbatia. Darasa lilipojaa, Mwanahawa aliinua mkono, akasimama, akaanza. Hakufika hata mstari wa pili. Wenzetu waliguna, na Bi Zainabu akamkatiza kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko kukemea. "Mwanangu, haya Thureya ameniletea asubuhi. Ukisikia kitu kwa mwenzio, mwachie mwenyewe. Kaa." Mwanahawa alinitazama. Nilingoja aseme. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha la kujibu, kwamba ni yeye aliyenisikia nikiimba nikioga. Alikaa, na tulipofanya mazoezi aliitikia pamoja na wengine, kwa ile sauti yake nzito ambayo hata ikiwa chini kabisa niliisikia nyuma yangu.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa tamu na zilinipa homa. Niliongoza vizuri. Kila mtu alisema hivyo, na kila aliposema nilitazama kama Mwanahawa amesikia. Tuliendelea kulala kitanda kimoja. Hakuninunia, hakuniambia neno. Aliacha tu kunishika mkono wa gauni tunapotoka. Kitu hicho ambacho nilikuwa nikikiona kero, nilikikosa mara moja, na kukikosa kukanizidishia hasira juu yake.

Maulidi ya wanawake yalisomwa baada ya alasiri, katika ua wa madrasa, na shangazi aliwahi. Walifika kutoka Mombasa asubuhi ile ile. Alikuwa amekonda, shingo imefungwa kitambaa cheupe, na alipomkumbatia Mwanahawa alisogeza mdomo sikioni mwake kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee aliyobakiwa nayo ya kusema. Mama akamkalisha mbele kabisa. Udi ulikuwa unafuka, wanawake wamejaa hadi ngazini, na Bi Zainabu akatangaza kwamba kasida hii mahadhi yake yametungwa na mwanafunzi wake, Thureya. Nikaanza. Nilipofika pale juu, pale pa jina la Bi Amina, nilimwona shangazi akiweka mkono shingoni. Hakulia. Alimgeukia bintiye aliyekuwa nyuma yangu, akamtazama muda wote uliobaki, na mimi sikuelewa.

Tulipomaliza aliniita, akanishika mkono. Nikainama, nikaweka sikio karibu na mdomo wake. "Umesoma vyema," alininong'oneza. Ilikuwa sauti kama karatasi inayoburutwa. "Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimwita mwanangu kutoka shambani. Kila jioni. Mwa-na-ha-waa. Umeyajuaje?" Nilimtazama. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, na huenda alikuwa anataka kunipa nafasi. Nikasema, "Sijui, shangazi. Yalinijia tu." Akaniachia mkono. Siku tatu baadaye walirudi Mbwajumali, na upande wa ukutani wa kitanda ukabaki wangu peke yangu.

Mimi niliacha kasida nilipofika sekondari. Sauti yangu ilikuwa ya kitoto, na utoto ulipokwisha nayo ikakoma. Nikawa mwalimu wa hesabu, nikaolewa, nikazaa. Mwanahawa hakuacha. Alianza na wasichana sita wa kwao, akaenda Kizingitini akakusanya wake wa wavuvi, wanawake waliokuwa hawajawahi kusimama mbele ya watu, akawafundisha kuimba kwa sauti tatu zinazopishana. Leo ana vikundi visiwa vyote. Harusi, mahafali, Maulidi, hata mikutano ya afya, huimbwa mahadhi yake, na watoto wangu mwenyewe huyaimba wakivaa viatu bila kujua ni nani aliyeyatunga. Kila niliposikia mapya nilitafuta kasoro. Mara nyingine nilipata, nikafurahi kutwa nzima.

Mwaka jana wanawake wa Amu walimwandalia hafla ya kumshukuru. Bi Zainabu aliletwa amekaa kwenye kiti, mzee sana, akapewa kipaza sauti. Alimsifu Mwanahawa kwa bidii yake. Kisha akasema, "Lakini mtunzi wa kwanza wa mahadhi katika madrasa yangu ni Thureya, na yuko hapa." Ukumbi mzima ukanigeukia, ukapiga makofi. Mwanahawa naye alipiga, amesimama jukwaani na shada la asumini shingoni. Nilimfuata nje baadaye. Nilikuwa nimekaa na neno lile miaka arobaini, na nilipolitoa lilikuwa fupi. Nilimuuliza kwa nini siku ile hakusema.

"Nilikuwa nalala kwenu, nala kwenu," akasema. "Mamangu yuko Mombasa kwa pesa za babako. Ningesema nini, Thureya, na kwa nani?" Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayenieleza njia ya kwenda mahali. Miaka yote ile nilidhani nilimwonea wivu kwa sababu alikuwa na zaidi yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba nyumba, kitanda, baba, mama na hata mkeka wa mbele vilikuwa vyangu, na kwamba yeye alikuja na kitu kimoja.

Kesho yake nilikwenda kwa Bi Zainabu, nikamweleza. Ilinibidi nirudie mara mbili kwa sababu ya masikio yake, kwa sauti kubwa, na jirani aliyekuwa akipepeta mchele uani akasikia yote. "Nenda ukamwite," Bi Zainabu akasema. Nikamleta. Yule mwanamke mzee alimvuta Mwanahawa akae karibu naye kitandani, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akamwomba radhi kwa kumkalisha siku ile darasani. Mwanahawa akacheka, akasema yamepita, na mkono ule haukuachiwa. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nilikuwa nimekuja kutubu, nimetubu, nina mvi kichwani na wajukuu wako njiani, na pale pale niliuona wivu ukinipanda kwa sababu ya mkono wa mwalimu wangu ulioshika mkono usio wangu. Tofauti kati yangu na yule mtoto wa miaka kumi na mmoja si kubwa kama nilivyotarajia. Yeye angeinuka akafanya jambo. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu, nikawaacha wazungumze.