Amulen na Gari Lisilo na Msumari

Siku ya nne baada ya maziko ya Ofwono, mdogo wake Owor alilifunga sanduku la vyombo vya useremala nyuma ya baiskeli yake, akaondoka nalo kwenda Busia. Ndani mlikuwa na randa mbili, misumeno mitatu, patasi saba na keekee moja ya kutobolea mbao. Amulen, mjane wa Ofwono, alisimama mlangoni akaliangalia sanduku hadi likapotea nyuma ya shamba la mihogo. Hakulia. Alikuwa amelia siku tatu, na hili aliona si la kulilia.

Alikuwa mzaliwa wa Merikit, binti wa Kiteso, mrefu, mwenye kusema polepole. Aliolewa Kwapa akiwa na miaka kumi na minane, na kazi yake ya kwanza katika karakana ya mumewe ilikuwa kufagia maranda. Kisha akawa anashika ubao Ofwono anapokata. Kisha akawa anakata Ofwono anaposhika. Mume alikuwa na pumu, na vumbi la mvule lilimkaba kifua. Miaka minne ya mwisho alikaa nje kwenye kiti akizungumza na wateja habari za vipimo, huku ndani randa ikipiga mluzi juu ya mbao. Watu walisema Ofwono ana mkono mwepesi wa milango. Mkono ule ulikuwa wa mkewe. Wote wawili walinyamaza, kwa kuwa wateja waliridhika.

Owor hakuwa mtu mbaya. Alibeba watu kwa baiskeli pale Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, upande huu hadi ule, kutwa nzima, naye alijua nyimbo nyingi na uongo mwingi zaidi. Ila desturi aliishika kwa mikono miwili: vyombo vya marehemu ni vya nduguye wa kiume. Hakujua kuvitumia hata kimoja. Alivisukuma chini ya kitanda, vikakaa.

Mwezi wa sita, mwaka huo wa 1964, ukoo ulikutana nyumbani kwa Aboth, mama mzazi wa Ofwono na Owor, kumaliza mambo ya matanga. Amulen aliomba kusema.

"Naomba sanduku lirudi. Kazi yangu imo humo."

Owor alicheka. "Mke wetu, kazi gani? Randa ikikaa na mwanamke, mwakani itakuwa kibao cha kukatia nyama."

"Milango ya kanisa nimeitengeneza mimi."

"Ametengeneza Ofwono. Watu waliona."

"Watu walimwona Ofwono amekaa."

Wengine walicheka, wengine wakakohoa. Aboth alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, hakuinua kichwa. "Mimi sikuona," alisema. "Na ninyi hamkuona. Basi atengeneze kitu mbele ya macho ya watu. Sanduku libaki huko huko Busia, asije mtu akasema vyombo vilifanya kazi vyenyewe."

"Atengeneze gari!" Owor alidakia. "Aingie mashindano ya uhuru, ateremke mlima na gauni lake la gomesi!"

Kicheko kilizunguka nyumba nzima. Amulen alingoja kiishe.

"Nikilitengeneza?"

"Likifika darajani na magurudumu manne, na wewe juu yake, nitakuletea sanduku mimi mwenyewe. Likivunjika, usilitaje tena maisha yako."

"Nimekubali."

"Nimesikia," alisema Aboth, akatupa harage bovu nje ya mlango.

Mashindano yale yalifanyika kila tarehe tisa ya mwezi wa kumi, sikukuu ya uhuru wa Uganda. Watu walitengeneza magari ya kila namna, wakayateremsha katika barabara ya mlima inayoishia kwenye daraja la mbao, karibu maili nzima. Hakukuwa na injini wala ng'ombe, na hapakuwa na kusukumwa baada ya mstari wa kuanzia. Mwaka uliotangulia bwana mmoja alileta baiskeli nzima iliyofunikwa mbao, akawaacha wenzake mbali, ugomvi ukatokea. Kwa hiyo mwalimu Ekaju, mwamuzi, akaweka sheria mpya: chuma marufuku, hata msumari mmoja. Mbao, kamba, ngozi na mpira, basi.

Amulen alibakiwa na panga, shoka, na tezo la kuchongea vinu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na gogo la mvule ambalo Ofwono hakuwahi kulipasua. Alikata humo vipande vinne vinene, akavichonga mviringo kwa tezo, wiki kwa wiki. Kujua gurudumu limekaa sawa, alilitia kwenye mti, akalizungusha huku ameshika kaa karibu na ukingo. Palipoguswa na weusi ndipo palipozidi, akapachonga tena. Ekseli mbili, miti ile inayopita katikati ya magurudumu, alizichonga kwa mkwaju mkavu, mgumu kama mfupa. Viungo alivifunga kwa vigingi na ngozi mbichi, ambayo ikikauka hukaza kuliko msumari. Ekseli ya mbele iliweza kugeuka, ikivutwa kwa kamba mbili. Breki ilikuwa kipande cha tairi kuukuu chini ya ubao wa kukanyaga.

Majirani walipita makusudi. Wengine walikuja kucheka, wakabaki wanatazama, kwa sababu mtu anayejua kazi yake hupendeza kutazamwa. Hakufanya haraka. Aliinama, akafumba jicho moja, akapuliza vumbi, akachonga unyasi mmoja tu wa mbao, akainama tena.

Lakini gari la mbao lina ugonjwa mmoja, na kila mshindani aliujua: mti ukisugua mti kwa kasi hupata moto. Kwanza hulia, kisha hutoa moshi, kisha gurudumu hukwama. Amulen alipaka mafuta ya ng'ombe. Asubuhi alikuta mbwa wa kijiji wamelamba ekseli zote mbili hadi zikang'aa. Akajaribu sabuni; ikakauka, ikawa kama mchanga. Siku moja alikuwa akipika mlenda kwa magadi, mboga ile inayovutika kama uzi kutoka chungu hadi mdomoni, na mwiko ukamponyoka mkononi mara mbili. Aliuangalia mwiko pale chini. Akaondoa chungu motoni, akakibeba hadi kwenye gari.

Mlenda uliteleza kuliko mafuta, na maji yake yalipoza mti. Ila ulikauka upesi. Ilibidi udondoke bila kukoma. Hapo Amulen alikumbuka nyumbani kwao Merikit, ambako watu huketi kuzunguka chungu cha pombe ya ulezi na kuinywa kwa mirija mirefu inayopindika. Alifunga vibuyu viwili juu ya gari, kimoja mbele, kimoja nyuma, akajaza mlenda mwepesi uliochujwa. Katika kila kibuyu aliingiza mrija, akaukunja ukingoni, ncha ikaning'inia juu ya ekseli. Ukinyonya mara moja kuanzisha, mlenda huja wenyewe, tone baada ya tone.

Siku ilipofika, magari tisa yalijipanga kileleni. Moja lilikuwa na umbo la mamba. Lingine lilikuwa kitanda. Chrispinus, mpakuzi wa mizigo kutoka Busia ya Kenya, alikuja na gari refu lililopakwa rangi nyekundu, na mafuta ya ng'ombe yamejaa kwenye ekseli kama siagi kwenye mkate.

"Mama," alimwambia Amulen, "hilo ni gari au ni kinu kimeota miguu?"

"Utaliona kwa nyuma."

"Nyuma? Mimi nitakuwa nimefika, nimeoga, nimeoa!"

Amulen alinyonya mrija wa mbele, akanyonya wa nyuma, akatema, akaona matone yanatoka. Kisha hotuba zikaanza. Mgeni wa heshima alisoma karatasi ya kwanza, ya pili, ya tano, na jua likapanda hadi utosini. Amulen aliitwa mbele pamoja na washindani wengine kusimama mstari mmoja na kupigiwa makofi.

Wakati huo Owor aliwasili, ameendesha baiskeli tangu Busia, shati limegandamana mgongoni, koo limekauka. Akaliona gari la shemeji yake. Akaviona vibuyu na mirija. Moyo wake ukalainika.

"Hawa Wateso wana heshima," alimwambia aliyesimama jirani. "Hata wakiwa na ugomvi na mtu hawamnyimi pombe."

Akapiga goti, akaushika mrija wa nyuma, akanyonya kwa nguvu zake zote.

Mrija ulikataa kidogo, kisha ukakubali wote kwa mpigo. Owor alisimama, macho yamemtoka, mashavu yamejaa, uzi mrefu wa kijani unaning'inia kidevuni.

"Mboga!" alipiga kelele alipoweza. "Huyu mwanamke amenipa mboga!"

Watu walishika mbavu. Chrispinus alilazimika kuketi chini. Amulen alikuja mbio, akaunyakua mrija, akaurudisha mahali pake na kuukaza kwa kamba. Hapo akaona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona: juu ya ekseli ya nyuma palikuwa pakavu kabisa. Jua la hotuba lilikuwa limekausha mlenda kwenye ncha ya mrija, ukaziba kama donda. Sasa matone yalikuwa yakishuka tena, mazito na ya haraka.

Hakupata nafasi ya kusema. Ekaju aliinua bendera.

Kitanda kilianguka kabla ya mti wa kwanza. Mamba alipoteza taya. Chrispinus alitangulia akiimba, na Amulen alikuwa wa nne, mguu kwenye breki, akisikiliza. Gari la mbao husema kwa sauti, na yeye alikuwa akiisikiliza mbao tangu ujana wake. Magurudumu yalinguruma chini, na hilo lilikuwa jema. Alichokiogopa ni ile sauti nyembamba. Kwenye kona ya kisimani alimkuta Chrispinus mtaroni, gari limekwama, moshi unatoka kwenye gurudumu kama kwenye jiko la mkaa. Mafuta yake yalikuwa yameyeyuka yote juani wakati wa hotuba.

"Mama, nipe hiyo mboga yako!" aliita. Amulen alikuwa amekwisha kupita.

Kisha mbuzi akavuka barabara, na mwanawe nyuma yake. Amulen alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likayumba, likamkwepa mbuzi, na kibuyu cha mbele kikakatika kamba, kikapasuka barabarani.

Mteremko uliobaki ulikuwa ndio mkali. Hatua mia hazijaisha, akaisikia: sauti nyembamba, kutoka mbele, kama nzi aliyefungiwa kopo. Ikapanda. Harufu ya mkwaju unaoungua ikamfikia usoni. Akisimama, hana wa kumsukuma, hafiki. Akiendelea hivi, ekseli itakwama na magurudumu yatang'oka.

Akaachia breki. Akavuta kamba mbili kifuani, akajilaza chali, mgongo wake wote juu ya ekseli ya nyuma, kichwa kinaning'inia nje, ili uzito uondoke mbele. Barabara hakuiona tena. Aliona anga, na pande zote mbili vichwa vya watu vilivyopita haraka, midomo wazi. Aliendesha kwa vichwa vile: vikisogea karibu kulia, alivuta kushoto. Sauti nyembamba ilishuka kidogo, ikadumu, haikuzidi. Chini ya mgongo wake ekseli ya nyuma ilizunguka kimya, ikiloa, imebeba kila kitu.

Ghafla mngurumo ukabadilika, ukawa mtupu na mkubwa, kama ngoma. Zilikuwa mbao za daraja.

Alikuwa wa tatu. Hakuna aliyekumbuka jina la wa kwanza wala la wa pili. Ekaju alihesabu magurudumu kwa kuyagusa: moja, mbili, tatu, nne. Gurudumu la mbele la kulia lilimchoma kidole, akautikisa mkono huku akiandika.

Keshokutwa yake Owor alifika Kwapa na sanduku nyuma ya baiskeli, Aboth akitembea kando, fimbo mkononi. Owor aliinama kufungua kamba.

"Ngoja kwanza, shemeji," alisema Amulen. "Mrija wa nyuma ulikuwa umeziba. Uliponyonya ndipo ulifunguka. Usingenyonya, nisingefika darajani."

Mkono wa Owor ulibaki kwenye fundo.

"Kwa hiyo hukufika kwa kazi yako peke yake," Owor alisema polepole.

"Sikufika kwa kazi yangu peke yake."

"Na unaniambia wakati sanduku bado liko kwenye baiskeli yangu?"

"Nikimkabidhi mtu mlango, namwonyesha na palipo na ufa."

Owor alitazama sanduku, akamtazama mama yake. Akapangusa midomo yake, kana kwamba ule mlenda ulikuwa bado upo.

"Mimi nilitafuta pombe," alisema mwishowe. "Ningejua nakusaidia, ningebaki na kiu yangu. Wewe ndiye uliyejua umebebwa na nini. Kazi ni yako."

Akafungua fundo. Alilibeba sanduku mwenyewe hadi ndani ya karakana, akalitua juu ya meza ya kazi.

Amulen aliinua kifuniko. Akatoa randa kubwa, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Miezi saba chini ya kitanda, na ulimi wake wa chuma ulikuwa umeshika kutu, mwekundu kama udongo wa barabara. Owor aliiona kutu ile.

"Sikuvigusa hata siku moja," alisema.

"Najua. Ungevigusa, ungevipaka mafuta."

Akaketi kwenye kigoda, akaliweka jiwe la kunolea magotini, akaugonga ulimi wa randa ukatoka.

"Niletee maji, shemeji. Si mengi, kikombe tu."

Owor akaenda kuleta maji.