Kitabu Kinene Nilichomnunulia Mjukuu Wangu

Nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu majirani wa hapa Rumonge wanapenda kulisimulia, na wakilisimulia wanalitia chumvi. Mjukuu wangu alitaka kujifunza kutengeneza michezo ya kompyuta. Mimi ndiye niliyemchagulia kitabu. Nilichagua vibaya, halafu nikamfundisha kukisoma vibaya, na kwa miezi minne nikamzuia kwa mikono yangu hii.

Mjukuu huyo ni msichana, mtoto wa binti yangu wa pili, na anakaa kwangu. Alimaliza lise, yaani sekondari, akabaki nyumbani. Mjomba wake, mwanangu aliye Bujumbura, akampa kompyuta ya kubeba ambayo ofisini kwao walikuwa wameichoka. Kifuniko chake kilikuwa kimeshikizwa kwa utepe, lakini ilikuwa inawaka. Mwanangu akamtafutia na nafasi kwa mama mmoja wa kule mjini anayefundisha vijana kutengeneza programu na michezo. Anachukua wachache, na sharti lake ni moja: mtu aje na mchezo mmoja alioutengeneza mwenyewe. Uwe mdogo, uwe na sura mbaya, lakini uchezeke. Asiye nao asisumbuke kuja. Siku aliyoweka ilikuwa baada ya Idi.

Baba wa huyo mjukuu naye akasema lake. Nafasi hiyo ikipita, binti anakwenda Uvira kwa shangazi yake kuuza vitenge. Kuuza vitenge si kazi mbaya, mimi mwenyewe nimeuza. Lakini binti hakuitaka, na namjua, angefukuza wateja kwa uso wake tu.

Ilibidi apate kitabu, maana mtandao wa hapa kwetu unakuja na kuondoka unavyotaka. Wiki hiyo nilikuwa nakwenda Bujumbura kupeleka mawese. Michikichi yetu iko Kizuka, tunakamua wenyewe. Nikamwambia, "Tulia, nitakuletea kitabu."

"Bibi, utajua kipi?"

"Nimezaa saba. Nitashindwa na kitabu?"

Kando ya soko kulikuwa na muuza vitabu vya mitumba, amevipanga juu ya turubai. Nikamwambia nataka cha kutengeneza michezo ya kompyuta. Akanitolea vitatu. Mimi Kifaransa sijui. Shule nilisoma madarasa mawili, herufi nyingine nilizipata chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Basi nikavinyanyua kimoja kimoja, kama ninavyonyanyua bidoni, madumu yangu ya mawese, nikachukua kizito kuliko vyote. Msinicheke. Katika nyumba niliyoolewa, vitabu vinene ndivyo vilivyokuwa vya wenye elimu. Marehemu mume wangu alivifunga kwa kitambaa, na mtu hakuvigusa bila kunawa. Vyembamba vilikuwa vya watoto. Nikasema, kitabu kinene hakikosi kitu ndani.

Kosa la pili nililifanya nyumbani, nalo lilikuwa kubwa zaidi. Nilimkabidhi kitabu, nikamwekea na sheria. Nilimwambia hapa kwangu kitabu kinasomwa kama chuoni. Unaanza ukurasa wa kwanza, unahifadhi, unanisomea, ukisoma sawa unasonga mbele. Kompyuta hutaigusa mpaka ukihitimu kitabu.

"Bibi, hiki si cha kuhifadhi."

"Kila kitabu ni cha kuhifadhi."

"Hiki kinasema fungua kompyuta, andika hivi, uone itakavyokuwa."

"Utaona ukimaliza. Mutoto akipewa mashine kabla ya elimu, anaishia kutazama video."

Nikaifunga ile kompyuta ndani ya kanga, nikaiweka sandukuni, ufunguo ukakaa kiunoni kwangu.

Basi akahifadhi. Wallahi alihifadhi! Kila siku baada ya alasiri mimi nilikaa naambua chikichi, yeye kwenye mkeka mbele yangu, anasoma kwa Kifaransa bila kutazama kitabu. Maneno sikuyaelewa hata moja, lakini sauti naijua. Mtu akisitasita nasikia. Alipositasita nilimwambia, "Rudi nyuma," na akarudi. Jirani yangu, mwanamke asiyeweza kupita mlangoni kwa mtu akanyamaza, aliingiza kichwa siku moja.

"Mama, hiyo ni maulidi ya wapi?"

"Ya kompyuta. Nenda kapike."

"Murakoze, asante. Mukifika kwenye kisomo cha redio muniite, yangu imekufa."

Kufika mwezi wa nne alikuwa amehifadhi kurasa zaidi ya mia, na mimi nilitembea sokoni kifua mbele.

Ijumaa moja mwanangu akaja kutoka Bujumbura. Baada ya chakula akamwambia binti, "Haya, nionyeshe." Binti akanitazama. Nikafungua sanduku, nikatoa kompyuta, lakini kwanza nikamwambia amsomee mjomba wake ukurasa wowote atakaoutaka. Mwanangu akataja ukurasa, binti akausoma kama maji. Akataja mwingine, akausoma. Mwanangu akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

"Sawa," akamwambia binti. "Sasa niwekee nukta moja hapo kwenye kioo, uifanye iende kushoto na kulia."

Binti akaweka vidole juu ya herufi. Vikakaa hapohapo. Akaandika kitu, akafuta. Akaandika tena, mashine ikamjibu kwa maandishi mekundu. Tulikuwa tunasikia kuku nje. Mwishowe akasukuma kompyuta mbali kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi ni mujinga. Nipelekeni Uvira."

Hapo mwanangu akanigeukia. Hakunipigia kelele, heshima anayo. Alisema tu, "Mama, kitabu hiki kiliandikwa kwa watu wanaojua kazi tayari. Hata mimi siwezi kuanzia hapa. Na hata kingekuwa kizuri, huku si kuimba. Ni kama kukamua. Utamfundisha mtu kukamua mawese kwa mdomo?"

Nilitoka nje, nikasimama karibu na pipa la kuchemshia chikichi. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia. Nikakumbuka chuo chetu chenyewe, kile nilichokuwa najivunia. Mwalimu wetu hakutupa msahafu mzima siku ya kwanza. Tulianza na ubao na wino, kila mmoja anachora herufi yake kwa mkono, mwalimu anafuta, tunachora tena. Halafu juzuu, kile kijitabu chembamba cha sura fupifupi. Mutoto anamaliza sura fupi, anajiona anaweza, anataka nyingine. Mimi nilikuwa nimekumbuka fimbo, nikasahau ubao.

Nikarudi ndani. Nikamwambia binti, "Mujinga ni mimi. Kesho tunakwenda kutafuta kingine, na safari hii unachagua wewe na mimi pamoja." Alinitazama kana kwamba nimezungumza Kichina. Sina desturi ya kusema maneno hayo.

Idi ilikuwa imebaki wiki saba.

Kesho yake, kule Bujumbura, muuza vitabu alinikumbuka. "Bibi wa kitabu kizito! Umekimaliza? Unataka kizito zaidi?"

"Nataka unyamaze, utupe tuvione vyote."

Akavimwaga kwenye turubai. Sasa mimi nikatumia ninachokijua. Ukinunua mawese kwa mtu, hutazami juu ya bidoni. Juu kila mtu anaweka safi. Unachukua kijiti kirefu, unakichovya mpaka chini, unakitoa, unatazama kilichoshika. Nikamwambia binti, "Usisome mwanzo. Mwanzo kila kitabu kinajisifu. Fungua katikati, unieleze kwa Kiswahili chetu hiki, kinakuambia ufanye nini."

Cha kwanza akafungua, akasoma, akasema, "Kinaeleza historia ya kompyuta."

"Ufanye nini?"

"Hakuna cha kufanya, Bibi."

"Weka chini."

Cha pili kilikuwa na kazi nzuri, lakini kila baada ya kurasa mbili kilimtuma kwenye mtandao kuchukua kitu. Tukakiweka chini, kwa sababu huo mtandao ungemla miezi. Cha tatu binti mwenyewe alikitupa. Alitazama ukurasa wa mbele, akaona mwaka kilipochapishwa, akasema vifungo vinavyoonyeshwa humo vimeshabadilishwa, atatafuta kitu ambacho hakipo tena. Hilo mimi nisingelijua hata kwa kijiti.

Cha nne ndicho kilichotugombanisha. Kilikuwa na jalada linalong'aa, mpiganaji ameshika upanga wa moto, nyuma yake mji mzima unaungua. Binti alikikumbatia.

"Bibi, hiki! Michezo mikubwa, kama ya kweli."

"Fungua katikati."

Akafungua. Akageuza kurasa mbele na nyuma.

"Kinasema nini?"

"Kinasema... nichukue ule mji niliotengeneza katika sura ya tano."

"Na wewe umeshatengeneza hata nyumba?"

"Nitajifunza."

"Kwa wiki saba? Kompyuta yako yenyewe imeshikwa na utepe, itabeba mji unaoungua?"

Muuza vitabu akaingilia, "Bibi, mwache mutoto aote."

"Wewe uliniuzia tofali mara ya kwanza. Kaa kimya."

Binti alikasirika kweli. Aliniambia kwamba mimi kila kitu nataka kiwe kidogo, kwamba nilimfungia kompyuta na sasa nataka kumfungia na ndoto. Watu waligeuka kututazama. La kompyuta lilikuwa kweli. Nilichukua tu kijitabu kilichokuwa chini ya rundo, chembamba, jalada limechanika nusu, nikampa. "Fungua katikati. Kama na hiki hakifai, chukua cha upanga na nitanyamaza."

Akafungua kwa kununa. Akasoma. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine, kidole chake kikaanza kucheza juu ya karatasi kana kwamba kinabonyeza. "Kinasema nitengeneze kikapu kinachokwenda kushoto na kulia, na vitu vinadondoka kutoka juu." Akarudi nyuma kurasa chache. "Na hapa kinaeleza kila mstari kwa nini upo. Na mwishoni kinasema, sasa kibadilishe mwenyewe."

Nikauliza, "Unataka mtandao?"

"Mara moja tu, kuingiza programu. Mjomba ataniwekea leo."

Tulikichukua. Cha upanga alikirudisha mwenyewe, ingawa alikitazama mara mbili.

Nyumbani sheria ikawa nyingine. Kila siku anifanyie kitu kimoja kinachosogea, hata kama kinasogea vibaya. Sikumsikiliza tena akisoma. Nilimtazama akifanya, na mara nyingi nilisikia akiisonya mashine. Maandishi mekundu yalikuja kila siku, lakini sasa aliyasoma, akajua mstari gani una kosa, akarekebisha. Kile kitabu kinene nacho hakikutupwa. Alipokwama alikifungua katikati, akatafuta neno moja tu, akakifunga. Kumbe ndiyo kazi yake.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia, tukafunga, yeye akaendelea. Siku moja baada ya alasiri akaniita. "Bibi, njoo ucheze."

Pale kwenye kioo kulikuwa na mchanga, na juu ya mchanga ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zimeanikwa, kama wanavyozianika wavuvi wa Magara asubuhi baada ya kuvua. Kuku wanaingia kutoka pembeni kuja kula. Wewe ni mwanamke mwenye ufagio, unawafukuza. Ndagala zikiisha umeshindwa. Nilibonyeza kwa nguvu, akaniambia, "Polepole, Bibi, siyo kinu." Nikafukuza kuku wote, nikashinda, nikamrudishia.

"Huu ni uongo," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Kuku wako wanakuja upande mmoja tu. Umeona wapi kuku hao? Kuku wa kweli ukimfukuza mbele, mwenzake anakuja nyuma. Na hawaogopi ufagio mara ya tatu."

Alinuna, halafu akacheka, halafu akarudi kwenye kijitabu chake. Ilimchukua siku tatu. Nilipocheza tena walinilia ndagala zote, na jirani yangu akaja kucheza, wakamlia na yeye, akawatukana kuku wa kwenye kioo mpaka nikamkumbusha kwamba amefunga.

Baada ya Idi tukaenda Bujumbura kwa yule mama anayefundisha, mimi na yeye. Yule mama alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania, amevaa miwani, chumba chake kimejaa waya. Alitusalimia vizuri, "Amahoro, Bibi, karibuni," akanipa kiti karibu na mlango. Kisha akacheza. Alishindwa mara ya kwanza, akashindwa ya pili. Hakucheka. Akaweka mkono juu ya meza, akamwambia binti, "Mchezo mzuri. Lakini wengine wananiletea waliyotengenezewa na kaka zao. Nibadilishie hapahapa. Mchezaji akiguswa na kuku mara moja, ufagio udondoke."

Nilikiona kile kiganja kikisukuma kompyuta mbali, nyumbani, siku ya Ijumaa. Nilitaka kusimama niseme kitu, sijui kitu gani. Nikashikilia kiti.

Binti akaweka vidole juu ya herufi. Akaandika. Maandishi mekundu yakatokea, niliyaona kutoka mlangoni. Akasogeza uso, akayasoma kwa midomo, akafuta herufi moja, akaandika mbili. Akamgeuzia yule mama kompyuta.

Yule mama akacheza. Kuku akamgusa. Ufagio ukadondoka.

"Jumatatu saa mbili," akasema. "Usichelewe, mimi sipendi wachelewaji."

Binti akasema, "Ndiyo, mama," kwa sauti ndogo kabisa.

Mimi nikaomba maji. Nikanywa glasi moja, nikaomba nyingine. Nje binti alitaka tusimame tuongee, tupige simu, tumwambie mjomba wake na baba yake. Nilimwambia apige yeye. Tukapanda gari la kurudi Rumonge, nami ambaye huwa sifumbi macho garini, kwa kuwa naogopa madereva wa barabara ile, nililala begani kwake tangu Bujumbura mpaka nyumbani. Ananiambia nilikoroma. Sikubali, lakini siwezi kukataa.