Mawe Yanayoelea

Barafu ikigonga ukingo wa glasi ya juisi, mimi hugeuka kwanza kuangalia kama wadogo zangu wote wapo. Watu hunicheka. Nyinyi nitawaambia ukweli, maana mficha uchi hazai.

Nilikuwa na miaka tisa, kwetu Kinampanda, siku iliponyesha mvua ya mawe ambayo mpaka leo sijaona mfano wake. Bati lilipiga kelele hata mama alipotuita hatukumsikia. Alizeti yote ililala chini, na hewa ikanuka majani yaliyopondwa na udongo mbichi. Mawe yalipokoma, mama akanituma mimi na mdogo wangu Zaituni, wa miaka sita, tukamtafute ndama aliyekimbilia lamboni, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe.

Ndama alikuwa ng'ambo. Kuzunguka lambo kulitaka kukanyaga tope na miiba, na mimi kwa uvivu sikuwa na mpinzani. Upepo ulikuwa umeyasukuma mawe yote ya mvua yaliyoangukia lamboni upande wetu, yamebanana meupe pe, hujui ukingo unaishia wapi. Sasa, baba alikuwa na desturi ya kujaza mawe kwenye dimbwi la mlangoni kila masika ili tupite bila kulowa. Nikaona mambo ni yaleyale: jiwe huzama, mawe yakizama mengi hufika juu, yakifika juu unapita. Nani angenibishia?

"Zai, katiza hapo," nikamwambia. "Si pamejaa mawe?"

Akaweka mguu mmoja, akaurudisha. Akanitazama. Nikamwambia apite, asinicheleweshe. Akaenda hatua mbili, akatoweka.

Jamani, akatoweka! Mawe yakarudi, yakaziba pale alipozama, pakawa peupe kana kwamba hapajawahi kupita mtu. Nikajitupa, nikapapasa kwenye ubaridi unaouma hadi mifupa, mpaka nikashika gauni, nikavuta. Alitoka midomo imekuwa ya kijivu, akakohoa maji, kisha akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtu kama siku ile.

Nyumbani nikasema ameteleza. Zaituni akanyamaza. Baba akachinja jogoo, na firigisi, ambayo kwetu ilikuwa haki yake mwenye nyumba, akaniwekea mimi shujaa. Niliitafuna weee, haikushuka.

Nilipofika kidato cha pili, mwalimu wa fizikia akatuuliza: ingekuwaje kama barafu ingekuwa nzito kuliko maji? Tukakodoa macho. Akaeleza kwamba nchi za baridi ziwa huganda juu, barafu ikaelea kama kifuniko, na samaki wakaishi chini yake. Kama ingezama, ingerundikana kuanzia chini hadi ziwa zima ligande, na samaki wafe wote. Kitu kilichotaka kuniulia mdogo wangu ndicho kinachowatunza samaki! Nikajikuta nimesimama.

"Bora izame, mwalimu! Mtu ayaone maji!"

Darasa zima likacheka.

Likizo ilipofika nikamfuata Zaituni uani, anapepeta alizeti, nikamwomba msamaha kwa kumtuma pale na kwa uongo wangu. Nikamwambia ni jina tu lililotudanganya: watu wameiita barafu mawe, nasi tukaamini ni mawe.

Hakusimamisha ungo.

"Mimi sikudanganyika, dada. Nilipoweka ule mguu wa kwanza nilijua ni maji."

"Sasa ulipita kwa nini?"

"Si wewe ulisema nipite."

Nilikaa chini palepale, kwenye makapi ya alizeti. Miaka yote ile nilikuwa nimeyalaumu mawe. Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto wa miaka sita anaweza kuyajua maji chini ya unyayo wake, na bado akaingia, kwa kuwa dada yake amesema.