Ukuta Niliouchora kwa Mafuta ya Korosho

Harufu ya ganda bichi la korosho haipendezi, nisikudanganye. Inaingia puani kwa ukali na kukaa kooni, na ukishaizoea unaweza kuishi nayo msimu mzima bila kuisikia. Kwetu Mnyambe, upande wa Newala, msimu ulipofika harufu hiyo ilikuwa kwenye nguo, kwenye mikeka, mpaka kwenye nywele za Bibi. Sisi watoto tulijua mapema kwamba mafuta ya ganda lile yanaunguza. Ukiling'ata, kesho yake midomo imevimba na wenzako wanakucheka wiki nzima. Ndiyo maana kabla ya kubangua tulijipaka majivu mikononi. Nayasema haya mapema ili asije mtu akanitetea kwamba sikujua. Nilijua vizuri. Nilikuwa na miaka kumi, mbishi kupindukia, na niliamini nimeshafikiria kila kitu.

Nyumba ilikuwa ya Bibi, mzaa mama. Tuliishi humo yeye, mama yangu, Mjomba Issa na mimi. Mwaka huo mama mdogo Zuhura, mdogo wake mama aliyeolewa Masasi mjini, alijifungua mtoto wake wa kwanza hospitali, na kama ilivyo kwetu angekuja kukaa arobaini yake kwa mama yake. Chumba cha kumweka kilikuwa changu. Kukitoa hakukuniuma hata kidogo. Kilichoniuma ni ule ukuta. Safari iliyopita mama mdogo alikaa kitandani kwangu, akautazama, akasema, “Somoe mwanangu, ukuta wako umepauka kama uliofunga miezi miwili.” Alikuwa ananitania tu, lakini neno lile lilinikaa moyoni. Kwake kulikuwa na rangi ya kijani, vitambaa vya kufuma na maua ya karatasi. Kwangu kulikuwa na udongo mweupe aliousiriba mama, kuanzia chini mpaka juu, hakuna hata doa la kupumzisha macho.

Nikaamua nitaupamba mwenyewe. Nilianza na mkaa, ukafutika kwa kuegemewa tu. Nikachanganya udongo mwekundu na maji, ukakauka ukabanduka vipande vipande. Nilitaka weusi usiotoka. Basi nikakumbuka kopo la Mjomba Issa. Mjomba alikuwa ametwanga maganda mabichi ya korosho na kuyakamua mafuta ili apake nguzo za ghala zisiliwe na mchwa, na nguzo alizopaka mwaka uliotangulia zilikuwa nyeusi mpaka zinang'aa. Nikaliiba kopo, nikajipaka majivu mpaka viwikoni, nikatafuna ncha ya kijiti ikawa kama mswaki, nikaanza. Cha kuchora hakikunisumbua. Mashavuni mwa Bibi kulikuwa na chale za zamani, mistari iliyokunjwa kama vichwa vya mishale, mmoja juu ya mwingine, na katikati ya paji la uso kulikuwa na mstari mmoja ulioshuka. Shuleni wapo waliozicheka. Mimi sikuwahi kuona mchoro mzuri kama ule. Niliupanga ukuta mzima wa upande wa kitanda, na nikauweka chini chini, usawa wa mto, ili mama mdogo akilala auone vizuri. Angekuja baada ya wiki moja. Wiki nzima ya kukauka! Nililala kwa Bibi usiku huo nikijiona fundi.

Kesho yake asubuhi niligusa mstari mmoja kwa kidole. Bado ulikuwa unanata. Sikujali, siku zilikuwepo. Lakini kabla ya adhuhuri gari dogo la jirani yake mama mdogo lilisimama uwanjani, na mama mdogo akashuka na mtoto kifuani. Hospitali walikuwa wamemruhusu mapema, akapata lifti, akaona asingoje. Vigelegele vikapigwa. Nikamwamkia, “Shikamoo mama mdogo,” akaniitikia, akaingizwa chumbani, na mimi nikaingia nyuma yao.

Alisimama akautazama ukuta. “Jamani! Nani kanifanyia hivi?” Mama akanisukuma mbele. Mama mdogo akanishika kichwa, akasema Masasi nzima hakuna chumba kama hiki. Bibi naye alisogea, akatazama, akapeleka mkono shavuni kwake, kisha akaniuliza huku akicheka, “We mtoto, sura yangu umemwomba nani?” Watu wote wakacheka. Hakuna aliyeshangaa harufu, maana nani anashangaa harufu ya korosho mwezi wa korosho? Na mimi, mjinga mkubwa, nikatabasamu. Sijawahi kusifiwa vile. Mama mdogo akalala, na kama afanyavyo mama yeyote akamweka mtoto upande wa ndani asije akaanguka. Upande wa ukutani.

Nikatumwa maji. Nilibeba ndoo nikatoka, na njiani nikajiambia kwamba mtoto amefungwa khanga, hatagusa. Nikajiambia kwamba mafuta yameshaingia ukutani. Nikafika karibu nusu ya njia, na hapo nikatazama kidole nilichogusia asubuhi, ambacho sikukipaka majivu. Kilikuwa chekundu na kimeanza kututumka. Hicho ni kidole cha mtoto wa shamba, ngozi ngumu. Sharifa, yule mtoto wa mama mdogo, alikuwa na siku tano duniani. Loo! Niliitupa ndoo pale pale. Nilikimbia nikilia kwa sauti, kina mama niliopishana nao wanauliza kuna msiba gani.

“Mtoeni mtoto! Ni mafuta ya korosho! Nimechora kwa mafuta ya korosho!”

Mama mdogo alimnyakua. Bibi alimchukua akakaa naye mlangoni penye mwanga, akamfungua khanga moja, akamfungua ya pili. Khanga ya nje ilikuwa na doa la kahawia, pana kama kiganja, upande wa mgongoni. Ya ndani ilikuwa na alama hafifu, huwezi kusema ni mafuta au ni jasho. Akamgeuza, akamtazama masikio, vidole, mgongo. Hakukuwa na kitu. Akamwosha kwa sabuni mara mbili, mtoto akilia, mama mdogo akilia, mimi nikilia kuliko wote. Mama alishavua kandambili, lakini Bibi akamzuia: “Mwache. Amesema.” Kisha akaongeza kitu ambacho nilitamani asingekisema, ingawa sote tulikijua: mafuta haya mara nyingine hayaunguzi leo, yanaunguza kesho na kesho kutwa. Tungoje.

Zile siku mbili, wallahi, sizitakii hata adui yangu. Kitanda kilihamishiwa ukuta wa pili, na Bibi akanipa majivu niyabandike juu ya kila mstari ili usimpate mwingine. Mama mdogo hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa akinitazama tu, kisha anamfunua mtoto mgongo, kisha ananitazama tena. Kidole changu kilipasuka lengelenge nikalificha, nikifikiria lengelenge hilo kwenye mgongo ule mdogo. Siku ya tatu asubuhi Bibi alikuwa anamwogesha uani, akaniita kwa jina langu lote. Nilidhani ndiyo basi. “Njoo uone mwenyewe,” akasema. Mgongo ulikuwa laini, mweupe kwa povu, hauna hata kipele. Nilikaa chini mavumbini nikacheka mpaka nikapata kwikwi, na mama mdogo naye akaanza kunicheka mimi.

Siku hizi naishi Masasi, kwenye nyumba ya matofali ya saruji. Binti yangu anapamba chumba chake kwa maua anayokata kwenye mifuko ya saruji na majarida ya zamani, anayabandika kwa uji wa ngano, kazi nzuri ya bure kabisa. Anachukia jinsi ninavyomhoji umetumia nini, umekitoa wapi, kimekauka? Ananiona mama wa vikwazo. Sisi hatukuhojiwa, tuliachiwa mikono yetu, na siku nyingine namwonea huruma kwa kukosa uhuru ule, na siku nyingine najionea huruma mimi niliyeupata.

Mwaka jana Sharifa aliolewa, na nikawa miongoni mwa tuliomsugua liwa siku ya kumwandaa. Nilipewa mgongo. Wenzangu walikuwa wanaimba, mimi nimepunguza mkono, napapasa taratibu kutoka begani mpaka kiunoni. Akageuza shingo. “Dada, unatafuta nini huko?” Nikamweleza, kwa mara ya kwanza, mbele ya watu wote. Alicheka mpaka liwa ikamdondoka. “Kumbe ulitaka kunimaliza nikiwa na siku tano! Haya sugua basi, mume asije akachoka kungoja.” Nikasugua kwa nguvu zangu zote.