Sarafu Iliyokwanguliwa Uso

Nakumbuka mchana mmoja wa theluji hapa ughaibuni, Silver Spring, mwanangu. Shule zilikuwa zimefungwa, nikalazimika kwenda kazini na binti yangu mdogo. Kazi yenyewe ilikuwa kumtunza Mzee Faustin, Mkongo wa Bukavu aliyewahi kufundisha Kilatini seminarini. Kila alasiri alitaka nimtandazie taulo mezani, nimwagie juu yake sarafu zake za shaba za makaisari wa Roma, za kijani kwa ukale. Alizipapasa macho kafumba, akinong'ona majina yao. Theluji inaanguka, nami nasinzia, naona kama wakubwa wale wote wamekuja kukaa nasi sebuleni.

Wakati ule mimi na mdogo wangu Hamisi hatusemezani. Mama alifariki Tanga, nikaomba wanisubiri nipande ndege, Hamisi akamzika siku ileile, kama desturi yetu Waislamu ilivyo. Nikamkata kwa mkasi kwenye picha yetu ya Idi, na jina lake likawa mwiko nyumbani kwangu. Hasira hasara, lakini nani amwambie mwenye hasira zake?

Basi binti akawapita makaisari wenye sura nzima, akaokota sarafu ambayo uso wake ulikwanguliwa kwa patasi. Akauliza, kwa Kiingereza chake, huyu alikuwa nani.

Mzee akacheka kidogo. "Walimuchukia, wakakwangula sura yake juu watu wamusahau," akasema. "Voilà. Hii njo kila mutu anauliza ni nani."

Binti akanigeukia, akasema ni kama yule mtu aliyekatwa kwenye picha yetu.

Iliniuma, mwanangu, sikufichi. Nikaenda jikoni nikampigia Hamisi. Hakunilaumu. Aliniambia kwamba pale kaburini alitupa udongo mara tatu, kisha akainama akatupa tena mara tatu.

"Zile za pili zilikuwa zako, kaka."

Nililia nimeshika sinki la watu.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nami nakuusia: mkasirikie nduguyo huku unamtaja jina. Ukimfuta, wanao wataliuliza pengo lake. Na kabla hujamhukumu, muulize alikufanyia nini siku ile ambayo hukuwepo. Mungu akujalie ndugu wa kusimama mahali pako usipoweza kufika, akujalie na ulimi wa kumshukuru angali hai.