Daftari Nililolitupa Brussels

Sisi tuliokulia Vårby gård, kitongoji cha Stockholm, kabla simu hazijajua kupiga picha, tulivaa viatu vya kurithiana na makoti yaliyotuzidi miili, na wazazi wetu walitaka tujue kila kitu. Wenzangu Jumamosi walipelekwa kwaya. Mimi na mdogo wangu Neema tulipelekwa makumbusho.

Kule Uvira, Kongo, baba alikuwa mwalimu wa kuchora. Stockholm alisafisha ofisi, mikono ikamnuka sabuni hata siku ya ibada. Lakini kila kiangazi tulipanda basi kwenda kwa ndugu zetu, mara Copenhagen, mara Hamburg, mara Brussels, na kila mji ilikuwa lazima tukaone picha. Tulikula chapati baridi na mayai ya kuchemsha kwenye ngazi za nje, maana bei za mgahawa wa ndani zilikuwa za wenyewe. Halafu madaftari yakatoka. Mistari mitatu kwa kila picha, kwa Kiswahili: umeona nini, rangi gani, imekugusa wapi.

"Macho inasahau mbio," alisema baba. "Andika, mama."

Mama, ndivyo Wakongo wanavyowaita binti zao. Siku moja niliandika, "Ng'ombe huyu amechoka kama baba," naye akacheka mpaka mlinzi akatukazia macho.

Nilipotimiza miaka kumi na mitatu, kicheko kile kikaanza kuniaibisha. Mwaka huo, Brussels, tulikuta kigoda cha mti kutoka kwetu, kimechongwa mwanamke aliyekibeba kiti kichwani. Baba akapiga magoti mbele ya kioo. Kibao kilisema mchongaji hajulikani. Akamwita mlinzi kwa Kifaransa, sauti juu: "Monsieur, huyu mtu alikuwa na jina! Mama yake alimpa jina!"

Ukumbi mzima ukageuka.

"Pappa, sluta!" nikamwambia kwa Kiswidi. Baba, acha! Nikatoka mbio, na pale mlangoni nikalitia daftari langu kwenye pipa la taka. Aliniona. Tangu siku hiyo hakunilazimisha tena. Alikwenda na Neema, au peke yake.

Baba alifariki majira ya baridi yaliyopita. Tulipokuwa tukipanga vitu vyake, Neema akalivuta sanduku la madaftari yake baba kutoka chini ya kitanda. Nikaitafuta siku ile ya Brussels. Alikuwa ameandika habari za kigoda, vidole virefu vya yule mwanamke, ufa mgongoni. Chini yake: "Binti yangu ameona haya. Ana haki, nilipiga kelele. Nimerudi kutafuta daftari lake. Pipa limekwisha kumwagwa."

Neema aliniuliza kuna nini. Nikampa daftari asome mwenyewe.

Juzi nilimpeleka mwanangu makumbusho hapa mjini. Vijana wa leo wana namna yao: wanaipa picha mgongo, wanatabasamu, wanajipiga picha wao wenyewe. Nikamuuliza, "Umeona nini?"

"Vet inte, mamma." Sijui, mama. Na macho hakuyatoa kwenye simu.

Sikumgombeza, ningeanzia wapi? Enzi zile nilikuwa na mtu wa kuniuliza nimeona nini, nikamwonea haya mbele za watu. Siku hizi naingia kumbi hizo hizo, nasimama mbele ya picha hadi miguu inauma, na hakuna anayetaka kujua.