Sinki la Consorcia na mikono ya fundi Teryo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, fundi Eleuterio Gayatin amechuchumaa nyuma ya nyumba yake, mbele ya beseni la plastiki ambalo zamani lilikuwa la kumwogeshea binti yake. Ndani ya beseni mna mafuta ya taa. Ndani ya mafuta ya taa mna kabureta, cheni moja, na mkono wake wa kulia hadi kwenye kiwiko.

Anasugua kwa mswaki uliokwisha meno. Mswaki unateleza, tone linaruka na kumwingia jichoni. Anafumba jicho hilo na kuendelea kusugua akitumia lililobaki.

Hatua sita kutoka hapo, jikoni, mkewe Consorcia anaosha sahani za asubuhi. Anabonyeza swichi. Pampu ndogo inanguruma, maji ya uvuguvugu yanapita ndani ya mpini wa brashi na kutokea katikati ya manyoya yake, na sahani iliyogandiwa na ute wa yai inatakata kwa mpito mmoja. Uchafu unashuka kwenye chujio. Consorcia hajalowa hata kidole gumba.

"Unaiona ile?" fundi anauliza, akionyesha kwa midomo kwa sababu mikono ina kazi. "Ile ndiyo mashine bora ya kuoshea vipuri kisiwa kizima cha Panay. Nimeitengeneza mimi mwenyewe. Sasa inaosha sahani."

Teryo ana miaka arobaini na saba. Kijijini Nalundan, mkubwa kwa mdogo humwita Nong, kama kaka mkubwa aitwavyo huku. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akitengeneza pikipiki zenye kigari cha abiria ubavuni. Karakana yake haina kibao. Ni mabati manne yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa jiko. Siku njema humpa peso mia sita. Siku ya mvua humpa hadithi.

"Mteja analipia kufungua na kufunga," anasema. "Kuosha hakuna anayelipia. Lakini kipuri kichafu ni kama mgonjwa asiyetaka kusema. Kwanza kioshe, ndipo kitakwambia kinaumwa wapi."

Zamani aliosha kwa petroli, ndani ya kopo la rangi. Siku moja dereva mmoja, Boning, alikuja kuulizia pikipiki yake akiwa na sigara mdomoni. Hakuna aliyeumia. Kopo liliruka, kuku walitawanyika, na nyusi zote mbili za fundi zikaenda na moshi.

Jumapili yake, binti yao Jonalyn alimchorea nyusi mpya kwa kalamu ya wanja ya mama yake. Ya kushoto ilikaa juu kuliko ya kulia.

"Padre aliniangalia mimi tu mahubiri yote," Teryo anakumbuka. "Nadhani aliona kama simwamini."

Toka hapo akahamia mafuta ya taa, ambayo hayana hasira ya petroli. Nyusi zikaota. Mikono ndiyo iliyokataa. Ngozi ilikauka, ikapasuka, ikawa inatoka damu kila akishika spana. Januari mwaka huu, muuguzi wa zahanati alimwambia aache kuloweka mikono au atafute kazi nyingine.

"Nilimwambia, dada, mimi ni fundi. Ni kama kumwambia bata akaushe miguu."

Lakini kidonda kilichomuuma zaidi hakikuwa cha zahanati. Katika kanisa lao, wakati wa kusali Baba Yetu, waumini hushikana mikono, safu nzima, mlango hadi mlango. Jirani wa kulia kwake, Manang Sepa, kila ilipofika sala hiyo alikumbuka leso yake, na leso hiyo ilihitaji mikono yote miwili. Upande wa kushoto alisimama Consorcia, ambaye kwa sababu ya harufu alimpa mumewe kidole kidogo tu.

"Miaka mitatu nimesali Baba Yetu nimeshika kidole kimoja," Teryo anasema. "Mungu anasikia, sawa. Lakini na mtu anajisikia vibaya."

Basi akaamua kujenga mashine ya kuosha vipuri bila kutia mkono ndani. Alikata pipa nusu. Chini akamwaga maji, juu akamimina mafuta ya taa, ambayo huelea, ili mchanga na matope yapite kwenye mafuta yakalale ndani ya maji. Akatia pampu ya tangi la samaki. Pampu ilifanya kazi siku mbili, ikavimba, ikafa.

Akatafuta pampu ya mafuta kutoka kwenye gari bovu, akaiendesha kwa betri ya pikipiki. Nayo ikala mchanga. Akaunyanyua mdomo wake juu ya kopo la maziwa lililogeuzwa, mbali na matope, akaivisha soksi ya shule ya Jonalyn iwe chujio. Akaweka sumaku ya spika ya zamani ikamate vumbi la chuma. Akatoboa mpini wa brashi ya rangi, akapitisha mpira, mafuta yakawa yanatokea kwenye manyoya. Akavaa glavu. Kwa mara ya kwanza aliosha kabureta akiwa amesimama wima kama mwanadamu.

Kisha pipa likatoboka kwa kutu.

Hapo ndipo macho yake yalipoangukia sinki.

Sinki hilo la chuma kisichoshika kutu, refu, lenye vyumba viwili, lilikuwa la Consorcia. Alilishinda kwenye bahati nasibu ya parokia miaka miwili iliyopita, zawadi ya pili. Teryo aliahidi kulifungia mabomba baada ya mvua. Mvua mbili zilipita. Sinki likabaki sebuleni limegeuzwa juu chini, limetandikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake imesimama sanamu ya San Isidro na maua yake ya plastiki.

Februari, Consorcia alikwenda kwa dada yake aliyejifungua, akakaa wiki moja. Siku ya pili tu, sinki lilikuwa karakanani.

Teryo anakiri kwamba aliifanya kazi hiyo kwa furaha kubwa na bila aibu. Tundu la sinki lilikuwa mahali hasa alipolitaka. Akaongeza kifuniko kinachoshikiliwa wazi na waya uliokatwa katikati na kuunganishwa kwa tone la lehemu. Moto ukiwaka, lehemu inayeyuka, waya unaachia, kifuniko kinaanguka na kuukaba moto. "Ule moto wa Boning ulinifundisha," anasema.

Consorcia aliporudi hakuangalia karakana. Aliingia sebuleni, akatua begi, akasimama.

"Eleuterio," alisema, na Teryo anasema akisikia jina lake lote huwa anajua ni msiba. "Kwa nini Mtakatifu amekaa juu ya gunia la mchele?"

Hakuna kelele zilizopigwa, na majirani wanakiri walisikiliza sana. Consorcia alikwenda nyuma, akalitazama sinki lake lililojaa mafuta meusi, akamtazama mumewe, akatoa hukumu. Sikukuu ya San Isidro ni tarehe kumi na tano Mei. Siku hiyo kila mlango wa Nalundan huwa wazi, na apitaye hula.

"Siku hiyo nitaosha sahani kwenye sinki langu," alimwambia. "Likiwa na mafuta ya taa, wageni watakula mafuta ya taa. Na nitawaambia fundi ni nani."

Miezi iliyofuata ilikuwa ya ajabu. Karakana ilienda vizuri kuliko wakati wowote. Kazi ya kuosha iliyokuwa ikila saa nzima sasa ilikula dakika kumi. Ngozi ilifunga, harufu ikapungua. Jumapili ya Matawi, Manang Sepa alisahau leso yake nyumbani, au alisema ameisahau, akamshika fundi mkono wa kulia kiganja kizima.

Akageukia kushoto. Consorcia alikuwa amemweka Jonalyn katikati. Hata kile kidole kidogo hakikuwepo tena.

"Mikono imepona," Teryo anasema, "na mwenye kuishika amekasirika. Mimi nilikuwa nafanya yote yale kwa ajili ya nani?"

Siku tatu kabla ya sikukuu alivunja mashine yake mwenyewe, akaanza kulisafisha sinki. Mkaguzi alikuwa mama mkwe, Lola Itang, mwenye miaka themanini na moja na pua inayoogopwa. Akipita njiani hujua nani anakaanga samaki mkavu, na kama ni wa leo au wa juzi.

Teryo alilisugua kwa sabuni ya unga. Lola Itang akainama, akanusa. "Kabureta," alisema.

Akalisugua kwa majivu na makumbi ya nazi hadi mabega yakauma. Bibi akanusa tena. "Kabureta iliyooga."

Mara ya tatu alilichemshia siki na ndimu ndogo kilo mbili, akalianika juani kutwa. Lola Itang aliingiza kichwa chote ndani ya sinki. Alikaa humo muda mrefu mpaka Jonalyn akauliza kama bibi yuko salama. Sauti ilitoka kama ya kisimani.

"Ndimu," ilisema.

Mambo yangeishia hapo kama Teryo angekuwa mtu wa kuishia mahali. Siku ya sikukuu mabomba ya kijiji huwa na maji ya kudondoka tu. Kwa hiyo akapandisha pipa safi juu ya bati lipashwe joto na jua, akafunga pampu mpya ya maji, akatoboa brashi nyingine. Akaweka chujio. Akamwita mkewe, akabonyeza swichi.

"Nilitaka kuomba msamaha tu," anasema. "Nikazidisha."

Wageni waliokula siku hiyo walikuwa kama mia na hamsini. Kabla ya saa nane, kina mama wa nyumba tatu jirani walikuwa wamekuja na sahani zao. Lola Itang aliweka kiti kando ya sinki na kupanga foleni. Boning alikuja na sahani moja, akaiosha mara tatu kwa sababu alipenda kubonyeza. Consorcia alisimama katikati ya wote, mikono mikavu, akiwaeleza kwamba mume wake ni mtu wa majaribio, na majaribio yanahitaji mwanamke mwenye subira.

Wiki moja baadaye, kwa sauti ya chini kabisa aliyonayo, Teryo aliuliza kama sinki linaweza kurudi karakanani, labda siku za kazi tu.

"Aliniangalia kama mtu aliyeombwa arudishe meno yake," anasema.

Ndiyo maana leo amechuchumaa mbele ya beseni la mtoto. Amejaribu pipa jingine, likavuja. Sinki kama lile dukani ni peso elfu sita, nayo ni mapato ya siku kumi njema bila kula, na siku njema kumi haziji zikifuatana. Glavu zilitatuka mwezi Agosti. Mikono imeanza kupasuka tena, na harufu imerudi mahali pake.

Jumapili mbili zilizopita, padre alipowaalika kusali Baba Yetu, Manang Sepa alifungua mkoba na kutoa leso. Teryo anasema aliinamisha kichwa, akajiandaa kusali akijishika mwenyewe. Kisha aliona mkono ukimsogeza Jonalyn pembeni. Consorcia alimshika mumewe kiganja kizima, pamoja na nyufa zake.

Walipofika kwenye mkate wa kila siku, safu ya nyuma ikasikika ikinusa.

"Kabureta," alisema Lola Itang.

Consorcia hakuachia. Akiulizwa kuhusu siku hiyo, anaendelea kupanga sahani zake kabla ya kujibu. "Sinki sirudishi," anasema. "Alilichukua bila kuuliza, na mimi nimelipata tena kwa haki. Lakini ile mikono pia ni yangu, na inaharibika."

Bahati nasibu ya parokia itachezeshwa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Zawadi ya kwanza ni pikipiki mpya. Ya pili ni sinki, kama mwaka juzi na mwaka jana, kwa sababu duka linalotoa zawadi hiyo lilinunua mengi na hayaishi. Teryo amenunua tiketi tano. Consorcia ameuza kuku wawili na kununua kumi, akazificha chini ya San Isidro, ambaye sasa amepata rafu yake mwenyewe.

Madereva nao wamenunua. Boning alikuja kumpa habari hizo kwa niaba ya wenzake.

"Nong, tukishinda sinki ni lako, tumekubaliana wote," alimwambia. "Tukishinda pikipiki, hatukujui."

Mchoro wa mashine mpya uko tayari nyuma ya kalenda ya mwaka jana: kifuniko cha lehemu, taa, sumaku mbili, bomba la kutolea matope chini. Jioni, familia inapokaa kusali rozari, Lola Itang huuliza kila mtu ana nia gani. Jonalyn huombea mitihani. Consorcia huombea mikono. Fundi Teryo ana nia moja, na anaieleza akifuta jicho lake kwa bega, kabureta ingali mkononi.

"Kijiji kizima kinaomba zawadi ya kwanza," anasema. "Mimi nimemwambia Mungu waziwazi, nipe ya pili. Hiyo pikipiki akinipa, vipuri vyake nitaviosha wapi?"